Upanga Usiopaswa Kukata Kila Kitu

Katika filamu za Star Wars upanga wa mwanga hauna mpinzani: unapenya mlango wa chuma, unarudisha risasi ilikotoka, na unakata mkono wa mtu kama kisu kinavyopita kwenye papai. Kwa mtazamaji hiyo ni burudani tupu. Kwangu mimi, ninayepata riziki kwa kutengeneza magemu na kuwafundisha vijana kazi hiyo hapa Ipagala, Dodoma, silaha ya namna hiyo ni balaa, kwa sababu gemu ambalo maadui wake wote wanakufa kwa pigo moja humchosha mchezaji kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Vijana wanaokuja kwangu kila Jumamosi huniuliza ni gemu gani la Star Wars lililo bora kuliko mengine, nami huwajibu kwa kuwaeleza jinsi kila kundi la watengenezaji lilivyohangaika na upanga huo.

Njia ya kwanza ilikuwa kumnyima mchezaji upanga wenyewe. Dark Forces, lililotolewa mwaka 1995 na LucasArts, kampuni ya magemu ya Lucasfilm, watengenezaji wa filamu hizo, linamweka mchezaji katika nafasi ya Kyle Katarn, mamluki anayepigana kwa bunduki na ngumi, ambaye katika hatua ya kwanza kabisa anatumwa kuiba michoro ya Death Star, ngome kubwa ya angani inayoweza kulipua sayari. Upanga alikuja kuupata katika gemu lililofuata, mwaka 1997. Kisha Jedi Outcast, lililotengenezwa na Raven Software mwaka 2002, likatumia ujanja ambao bado ninauheshimu: Kyle ameikana kwa hiari yake Nguvu, ile karama isiyoonekana ya Jedi, yaani wapiganaji wa upanga wa mwanga, hivyo mchezaji analazimika kupita hatua kadhaa akijibanza ukutani na kuhesabu risasi zilizobaki, ndipo aende kwenye mwezi wa Yavin 4 kuuchukua upanga wake. Anapoushika, risasi zilizokuwa zikimtesa zinaanza kuwarudia waliozifyatua. Raha yake ni ile ya mtu aliyeshinda na njaa kutwa nzima, akafika nyumbani akakuta ugali bado unafuka moshi.

Mwaka 2008 LucasArts walielekea upande wa pili kabisa. Katika The Force Unleashed mchezaji ni mwanafunzi wa siri wa Darth Vader, yule adui mkuu wa filamu mwenye barakoa nyeusi, naye ana uwezo wa kupindukia tangu mwanzo, hata inafika mahali anaivuta meli kubwa ya kivita kutoka angani na kuiangusha. Watengenezaji waliunganisha programu tatu za kukokotoa mwendo wa vitu, yaani Havok kwa vitu vigumu, DMM kwa mbao zinazopasuka na vyuma vinavyopinda, na Euphoria, ambayo iliwafanya askari waliorushwa hewani wajaribu kushika boriti au mguu wa mwenzao. Kumtazama askari akipapatika ukingoni kunanichekesha mpaka leo. Hata hivyo, ili maadui wadumu kidogo mbele ya mchezaji mwenye uwezo mkubwa hivyo, wengi wao waliongezewa uhai, na kwa hiyo upanga unaoyeyusha chuma ukawa unampiga mtu mara tano au sita mfululizo, kama mtoto anayemfukuza mbuzi kwa bua la mtama. Nguvu zilinoga, upanga ukadoda.

Baada ya Disney kuinunua Lucasfilm mwaka 2012, studio za LucasArts zilifungwa mwaka uliofuata, na haki za kutengeneza magemu haya zikaenda kwa EA, kampuni kubwa ya magemu ya Marekani. Ilipita miaka kadhaa ya miradi iliyoanzishwa na kufutwa, mpaka tarehe 15 Novemba 2019 lilipotoka Star Wars Jedi: Fallen Order, kazi ya Respawn Entertainment chini ya Stig Asmussen, ambaye awali aliongoza utengenezaji wa gemu la God of War III. Humo tunamfuata Cal Kestis, kijana anayejificha katika sayari ya Bracca akifanya kibarua cha kukata meli chakavu, miaka mitano baada ya Jedi karibu wote kuuawa.

Respawn walitenganisha uhai wa adui na ulinzi wake, na hapa ndipo ninapokaa na vijana wangu kwa muda mrefu zaidi. Askari wa kawaida anakufa kwa pigo moja au mawili, kama inavyostahili. Adui mwenye silaha inayoweza kuhimili upanga, kwa upande wake, ana mstari wa pili unaopima ni kwa kiasi gani ataendelea kujikinga, na kazi ya mchezaji ni kuumaliza mstari huo. Ukikishikilia kitufe cha kujikinga unazuia mapigo, lakini ulinzi wako mwenyewe unapungua, ukichelewa unaumia, ukikibonyeza wakati uleule pigo linapofika, adui anayumba, kifua chake kinabaki wazi, na pigo lako linaingia. Upanga umebaki mkali vilevile kama wa kwenye filamu, ila ruhusa ya kuutumia inatolewa kwa vipimo. Viwango vinne vya ugumu wa gemu hili vinabadilisha mambo matatu, ambayo ni upana wa nafasi hiyo ya kubonyeza, ukali wa maadui, na maumivu anayoyapata Cal.

Nafasi yenyewe ni finyu. Gemu linaloonyesha picha 60 kwa sekunde huleta picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi, na likishuka hadi picha 30 pengo hilo linakuwa milisekunde 33. Mwaka jana kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu kule Nkuhungu aliniita, akidai kwamba Fallen Order linawadhulumu wateja wake. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama akipambana na askari mwenye rungu la umeme. Mara nne alibonyeza, mara nne alichapwa. Nikaacha kutazama kioo, nikatazama kidole chake, na nikaona kwamba kidole kinashuka kwanza, halafu Cal ananyanyua upanga baadaye, kwa kuchelewa ambako hata jicho linakuona. Tatizo lilikuwa kwenye televisheni, ambayo ilikuwa ikiirembesha kila picha, ikilainisha mwendo na kukoleza rangi, kabla ya kuionyesha. Nilichukua rimoti, nikazima marembo yote katika mipangilio ya picha, nikawasha hali ya gemu. Pigo la kwanza lililofuata alilikinga barabara.

"Kaka, umebadilisha nini?"

"Nimeiambia iache kujipodoa."

Kabla sijaondoka niliifungua mashine ya gemu na kuitoa vumbi kwenye feni, maana vumbi letu la kiangazi huingia popote, na mashine iliyopata joto kali hupunguza kasi.

Upande wa safari nao umejengwa kwa wazo lilelile la kutoa kidogo kidogo. Cal amesahau sehemu kubwa ya mafunzo yake kwa sababu ya yaliyompata utotoni, na kila anapomkumbuka mwalimu wake, Jaro Tapal, uwezo mmoja unarudi: kukimbia ukutani, kusukuma, kuvuta. Ukuta uliokushinda katika sayari ya Zeffo saa mbili zilizopita unageuka njia. Roboti mdogo BD-1 anaonyesha ramani ambamo njia zisizopitika bado zimetiwa rangi nyekundu, ingawa ramani yenyewe, niseme ukweli, inasomeka kwa taabu kama viazi vilivyorundikwa gizani. Hakuna njia ya mkato ya kurudi kwenye chombo chako, unatembea. Ukipumzika mahali pa kutafakari unapona, lakini maadui wengi nao wanarudi, na ukifa, alama ambazo hujazitumia zinabaki kwa aliyekuua mpaka umpige. Vijana wengi wanachukia kutembea huko. Mimi nakupenda, kwa sababu mtu aliyefika Kondoa kwa miguu anaijua njia kuliko aliyelala ndani ya basi.

Mwendelezo wake, Jedi: Survivor, ulitoka tarehe 28 Aprili 2023, nao uliwasikiliza waliolalamika: sasa mtu anaweza kuruka kutoka kituo kimoja cha kutafakari hadi kingine. Mitindo ya kushika upanga ni mitano, ukiwemo mmoja unaouunganisha na bastola, na kila mtindo una kasi na uzito wake, hivyo swali la kale kuhusu ukali wa upanga linagawanywa katika majibu matano. Kwenye kompyuta linahitaji nafasi ya GB 155. Nililipakua kwa usiku wanne mfululizo, na sikutaka kumweleza mke wangu gharama ya bando.

Kisha tarehe 30 Agosti 2024 kikaja kitu ambacho sikukitarajia. Star Wars Outlaws, lililotengenezwa na Massive Entertainment ya Uswidi kwa ajili ya Ubisoft, kampuni ya magemu ya Ufaransa, linamhusu Kay Vess, mwizi asiye na Nguvu wala upanga, mwenye bastola moja na mnyama mdogo anayeitwa Nix. Anaishi kwa kupimana akili na magenge manne, na ukilifurahisha moja unaliudhi jingine. Kwa maneno mengine, watengenezaji wamerudi pale Kyle alipoanzia mwaka 1995. Mwanzoni baadhi ya kazi za kunyemelea zilikuwa zikikatizwa papo hapo mara tu unapoonekana, jambo lililoudhi wengi, nalo lilirekebishwa baadaye kwa masasisho.

Nilipoliwasha darasani kwa mara ya kwanza, binti mmoja alitazama kwa dakika kumi, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, upanga anapewa hatua ya ngapi?"

Nikamjibu kwamba hapewi. Alinyamaza kidogo, akamnyang'anya mwenzake pedi ya kuchezea, akamtuma Nix akaharibu king'ora, naye akapita taratibu nyuma ya mlinzi.