Gari Limefeli Kipimo cha Moshi? Usikimbilie Masega

Dhana: Gari likifeli, masega yamekufa.

Hii ndiyo inayomaliza pesa za wenye magari Kampala. Mtu anatoka kwenye kipimo, anateremka hadi Kiseka, soko la vipuri, kutafuta masega ya eksozi (catalytic converter, kifaa kinachosafisha gesi za moshi), anafungiwa, na baada ya muda anafeli tena. Masega mara nyingi ni mhanga tu. Plagi au koili isiyotoa moto inaacha petroli ipite mbichi. Ikifika kwenye masega inawaka humo humo na kuyayeyusha. Ukifunga mapya bila kugusa plagi, nayo yatakwenda njia hiyo hiyo.

Soma kwanza karatasi ya mashine, na usisome gesi moja moja. HC (petroli isiyoungua) ikiwa juu, oksijeni nayo juu, huku CO (monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu) iko chini, kuna silinda inayokosa moto. CO ikiwa juu na oksijeni karibu hakuna, injini inakunywa petroli kupita kiasi: kagua filta ya hewa, nozeli inayovuja, presha ya petroli, sensa ya oksijeni. Masega yashukiwe pale tu ambapo lambda (uwiano wa hewa na petroli) iko karibu na 1, yaani takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na gesi bado zimezidi. Fundi asiyetaka kuiona hiyo karatasi, mimi simwachii ufunguo.

Dhana: Tundu kwenye eksozi ni kelele tu.

Likiwa karibu na sensa ya oksijeni, linavuta hewa ya nje. Sensa inadhani petroli imepungua, kompyuta inaongeza, na gari linafeli. Kuchomelea ni nafuu kuliko sensa.

Dhana: Moshi hauonekani, basi gari ni safi.

CO haina rangi wala harufu.

Dhana: Namba za gari ni za karibuni, basi gari ni jipya.

Jipya Uganda, labda. Sheria iliyorekebishwa 2018 inazuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe. Lenye miaka 13 linapita, pamoja na ringi zake za pistoni zilizochoka.

Dhana: Dizeli ni kawaida yake kutoa moshi mweusi.

Mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: nozeli zimechoka, filta imeziba, au paipu ya turbo imepasuka. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikiwa moto ni maji ya rejeta au dizeli isiyoungua. Kusingizia salfa ya mafuta hakusaidii, maana Afrika Mashariki iliishusha hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na moshi mweusi hautokani nayo.

Dhana: Kupima ni kupima, hata asubuhi injini ikiwa baridi.

Masega huanza kazi sawasawa yakifika nyuzi joto 300 hivi za Selsiasi. Zunguka kwanza barabara ya Entebbe mpaka injini ipate moto vizuri, na ukifika kwenye foleni usiizime.