“CT yenye dawa” si kipimo cha mishipa ya damu

Wiki iliyopita ililetwa kwangu, daktari wa radiolojia, fomu nyingine ya kuomba kipimo cha CT (picha za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande), yenye maneno matano yale yale: “CT ya tumbo yenye dawa.” Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 70, mvutaji wa sigara tangu ujana, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa anaumwa tumbo nusu saa baada ya kila mlo, akaanza kukiogopa chakula, akakonda hadi suruali yake ikawa inashikiliwa na kamba. Daktari aliyemwandikia fomu alikuwa na wazo zuri sana kichwani, kwani nilipompigia simu aliniambia bila kusita kwamba anahofia ateri za utumbo zimeziba. Nikamuuliza kwa nini basi hakuliandika hilo. Akajibu, “Dokta, si nimeshaandika yenye dawa? Dawa ikishaingia, mishipa yote itaonekana.”

Jibu hilo nimelisikia kwa madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo, kwa wanaosomea ubingwa, na hata kwa mabingwa ambao ningewakabidhi wazazi wangu wawafanyie upasuaji bila wasiwasi wowote. Sasa nalijibu kwa maandishi na kwa urefu unaostahili, kwa sababu wapo wagonjwa wanaoumia kutokana nalo.

Dawa hiyo, yaani kontrasti, ni majimaji yenye iodini, na iodini huzuia mionzi, hivyo damu iliyoibeba huonekana nyeupe. Damu isiyoibeba haionekani hivyo, na hakuna sekunde hata moja ambayo damu yote mwilini imeibeba kwa kiwango kinachotufaa. Ukidunga kwenye vena ya mkono, dawa hupita upande wa kulia wa moyo, na baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi inang’aa kwenye ateri za mapafu. Kati ya sekunde 20 na 30 iko kwenye aota, ateri kubwa inayotoka moyoni, na matawi yake. Ikifika sekunde ya 70 imeshapita kwenye utumbo na bandama, ikaingia vena porta, mshipa unaopeleka damu yao kwenye ini, na ini lenyewe. Baada ya dakika kadhaa figo zinaitoa kwenda kwenye kibofu. Haya ni makadirio ya mtu mwenye moyo mzima. Anayetaka kuhesabu abiria wa kivuko cha Kamanga sharti ajue kama kivuko kiko gatini upande wa Mwanza, kiko katikati ya maji, au kimeshafika ng’ambo, na kumwambia tu kwamba abiria wamepanda hakumsaidii chochote.

Mashine ya Godfrey Hounsfield, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971, ilihitaji dakika kadhaa kwa sehemu ndogo tu ya ubongo, na kwa mwendo huo hakuna ambaye angeweza kuikimbiza dawa ndani ya ateri. Anjiografia ya CT, yaani CT ya mishipa ya damu, ilizaliwa pale mashine zilipopata kasi ya kupiga kifua na tumbo ndani ya pumzi moja. Kasi hiyo ndiyo faida yetu, na ndiyo inayotuadhibu tukikosea muda, kwa sababu picha inayopatikana ni ya zile sekunde chache tu na si zaidi.

Fomu inaposema “yenye dawa” bila maelezo, mteknolojia hufanya jambo la busara: hupiga kwenye sekunde ya 70, kwa kuwa maombi mengi ya tumbo yanahusu uvimbe, jipu au ini. Wakati huo ateri na vena zina weupe unaokaribiana. Chanzo cha ateri kuu ya utumbo bado utakiona, na sitadai kwamba hakionekani; lakini kusema kama tundu lake limebaki nusu au robo, na kuyafuata matawi yake madogo hadi mwisho, inakuwa kazi ya kubahatisha. Mzee wetu tulimpiga kwa awamu mbili, ya ateri na ya vena. Kwenye awamu ya ateri, mshipa wa kwanza chini ya kiwambo ulikuwa umeziba kabisa, na wa pili, ule unaolisha utumbo mwembamba, ulikuwa umezungukwa na chokaa kiasi kwamba njia iliyobaki ilikuwa nyembamba kama uzi. Daktari wake alikuwa sahihi tangu mwanzo, na fomu yake ilikaribia kumnyima uthibitisho.

Ndiyo maana siku hizi ninapowafundisha madaktari sianzi na picha. Ninawasimamisha kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, wamtazame mteknolojia akiweka kiduara kidogo juu ya aota. Dawa inaanza kuingia kwa kasi ya mililita 4 au 5 kwa sekunde, mashine inapiga picha moja hafifu baada ya nyingine mahali pale pale, na kwenye skrini namba inayopima weupe wa damu ndani ya kiduara inaanza kupanda: 45, 48, 47, halafu 70, 110, na inapovuka 150 kitanda kinasogea, sauti inasema “vuta pumzi, ishike”, na upigaji unaanza. Siku moja tulikuwa na mama mwenye moyo uliotanuka. Sekunde ya 20 ikapita, ya 30 ikapita, namba bado iko 50, na vijana wakaanza kutazamana wakidhani dawa imemwagika nje ya vena. Ilipanda baada ya sekunde 40 kupita. Kama tungetumia muda wa kukariri, tungekuwa na picha safi za aota isiyo na dawa. Daktari wa wodini alikuwa anajua kwamba moyo wa mama huyo ni dhaifu, lakini kwenye fomu hakuwa ameandika hata neno moja kuhusu moyo.

Wengine wakishaelewa hayo hukimbilia kosa la upande wa pili, na hilo linanikera zaidi kwa sababu hujificha nyuma ya neno la kitaalamu: wanaandika “anjiografia” kwa kila mgonjwa. Hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria kosa hilo lina hatari ya pekee. Nilipokuwa katika hospitali moja niliyofanya kazi awali, aliletwa mvuvi wa Ukerewe, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyetapika damu mara mbili, na bandama yake ilikuwa imefika kitovuni. Mtu yeyote aliyefanya kazi ukanda huu anajua pa kuanzia: kichocho cha tumbo, mayai ambayo kwa miaka mingi yamebebwa na damu ya vena porta hadi kwenye ini, makovu yakazizunguka njia zake, shinikizo likapanda, na damu ikatafuta mlango mwingine kupitia vena za umio. Fomu iliomba anjiografia ili kuona damu inapovuja. Ikapigwa awamu ya ateri peke yake, na ateri zilipendeza kwelikweli. Ndani ya vena porta, hata hivyo, kulikuwa na mstari mweupe upande mmoja na mstari mweusi upande wa pili, na daktari wa zamu, akisoma picha mwenyewe usiku, akaona bonge la damu. Akaanza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mgonjwa aliyekuwa ametapika damu asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Mstari ule mweusi ulikuwa damu ya kawaida. Damu ya bandama hurudi mapema, ikiwa na dawa. Damu ya utumbo huchelewa. Mito hiyo miwili hukutana ndani ya vena porta na kutiririka bega kwa bega kabla ya kuchanganyika, na kwenye awamu ya ateri mmoja unang’aa wakati mwingine bado haujang’aa. Bandama yenyewe wakati huo huwa na mistarimistari kama ngozi ya pundamilia, na kuiona hivyo ni ishara ya wazi kwamba bado ni mapema mno kuihukumu vena yoyote ya tumbo. Tulimrudisha kwenye mashine, tukapiga kwenye sekunde ya 70, na vena ilijaa sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta. Dozi mbili zilikuwa zimeshaingia. Hakutapika tena, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Lazima niseme pia jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Wagonjwa hao hao, kwa sababu damu yao ya vena porta hutembea polepole, kweli hupata mabonge mahali pale pale. Mwendo ukiwa mzito sana, hata sekunde ya 70 inaweza kuwa mapema. Nimewahi kusoma picha za aina hiyo asubuhi nikaandika “bonge linawezekana”, nikazirudia jioni nikashindwa kujitetea. Siku hizi, nikiwa na shaka, naongeza awamu ya kuchelewa au naomba ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu, na ripoti yangu inasema wazi kwamba nina shaka, hata pale daktari wa wodini anaposubiri ndiyo au hapana.

Kwenye mapafu kuna mtego unaofanana na huo. Mgonjwa akivuta pumzi kwa nguvu sana, damu isiyo na dawa hupanda kutoka tumboni na kuikata ile yenye dawa, na ateri za mapafu zinafifia ghafla kana kwamba zimeziba. Tunamwambia avute pumzi ya kawaida tu, na tunamfanyisha mazoezi kabla ya kuanza. Kuhusu mabonge madogo kabisa, yale ya matawi ya mwisho, wasomaji wawili wazoefu wanaweza kukaa mbele ya skrini moja wasikubaliane, na hata wakikubaliana bado si kila mgonjwa wa namna hiyo anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo napenda kuambiwa: mguu umevimba? Amefanyiwa upasuaji? Oksijeni imeshuka kiasi gani? Majibu hayo yanabadilisha uzito ninaoupa doa moja jeusi.

Zile picha za rangi zinazozunguka, ambazo kila mwanafunzi anataka kuzipiga kwa simu, ziangalieni mwisho. Programu inapoondoa mifupa inaweza kuondoa na ateri iliyolala juu ya mfupa, na ripoti ikasomeka kwamba imeziba. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye chokaa nyingi kwenye ateri za mguu, chokaa huvimba kwenye picha na kulimeza tundu lililo wazi. Tanueni dirisha la mwangaza, shukeni kipande kwa kipande kutoka juu hadi chini, na mkishajua kilichopo ndipo mkafurahie rangi.

Kuhusu samaki, na ile imani kwamba anayedhurika nao asidungwe kontrasti kwa sababu ya iodini, nitasema kwa kifupi. Mgonjwa anayewashwa akila dagaa ana mzio wa protini, si wa iodini, na hiyo si sababu ya kumfutia kipimo. Muulizeni kama aliwahi kudungwa kontrasti na nini kilimpata.

Kuhusu figo, mimi mwenyewe nimebadilika. Nilifundishwa kuiogopa kontrasti kuliko ugonjwa. Baadaye tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliopewa dawa na wasiopewa zikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kupanda kwa kreatinini, taka inayoongezeka kwenye damu figo zikidhoofika, kungetokea hata bila dawa, na mwaka 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walitoa tamko la pamoja linaloelekeza tahadhari hasa kwa wenye uchujaji wa figo ulio chini ya mililita 30 kwa dakika, au ambao figo zao zimefeli ghafla. Nakubaliana nao, lakini si moja kwa moja, kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamepungukiwa maji, wametapika njiani, na wamemeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, wiki nzima. Wape maji kwanza pale hali inaporuhusu. Lakini kwa mtu mwenye shinikizo kubwa la damu, maumivu ya kifua yanayopasua hadi mgongoni na mapigo yasiyolingana mikononi, kusubiri kreatinini huku aota ikiendelea kuchanika ni kosa. Huyo anapigwa sasa hivi, kwanza bila dawa ili tuone kama kuna damu ndani ya ukuta, kisha awamu ya ateri.

Katika mafunzo yangu fomu ina mstari mmoja tu wa kujaza: ni mshipa gani, na unahofia nini ndani yake? Mwanzoni madaktari huona ni jambo la kitoto. Kisha nawakalisha mbele ya fomu zao za zamani na kuwauliza ni sekunde ya ngapi wangempiga mgonjwa huyo, nao wanagundua kwamba kwa maneno waliyoandika wasingeweza kuamua. Nimewahi kuendesha semina ya siku mbili ukumbini, yenye slaidi nzuri, na mwezi uliofuata fomu zilikuwa zile zile. Asubuhi tatu nyuma ya kioo zimesaidia zaidi, ingawa ninaoweza kuwachukua kwa wakati mmoja ni watu wanne tu.

Na kwa mnaotuletea wagonjwa kutoka Sengerema, Geita, Magu na visiwani: kanula (mrija wa kudungia kwenye vena) ya bluu, ambayo ni nyembamba, nyuma ya kiganja haifai kwa kasi tunayodungia. Wekeni ya kijani, au ya pinki ikishindikana, kwenye kiwiko, na iwe mkono wa kulia kama hakuna kizuizi. Dawa nzito inayopita mkono wa kushoto hukatiza mbele ya matawi ya upinde wa aota, ikamwaga miale myeupe juu ya mahali pale pale tunapotafuta kama mpasuko wa aota umepanda kuelekea shingoni.