Mhusika wa mazungumzo ni nani, na ana umri gani?

Katika programu ya kujifunza lugha, mhusika wa mazungumzo ni mtu wa kubuni anayeongea na mwanafunzi, kwa maandishi au kwa sauti. Si mwalimu. Ana shughuli zake, na mwanafunzi anamkuta katikati ya shughuli hizo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, aliandika kuhusu programu yake ELIZA, iliyoigiza tabibu wa nafsi. Haikuelewa chochote: ilidaka neno ulilosema ikakurudishia kama swali, na bado watu waliifungulia moyo. Ila kwa anayejifunza lugha ELIZA ana kasoro moja kubwa: hataki kitu. Na asiyetaka kitu hakubani hadi utafute maneno.

Chukua mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Wengi wakianza kumbuni hukimbilia jina na picha. Kwa Kiswahili cha kwanza ni umri, maana asiye na umri utamsalimu vipi? Mama wa miaka sitini ukimwanza na "mambo", hakwambii umekosea. Anakutazama kidogo, kisha anaitikia "Marahaba" kwa shikamoo ambayo hukuitoa. (Nani hajawahi kupewa hiyo?) Mhusika aliyetafsiriwa kutoka Kiingereza hana namna ya kukufanyia hivyo.

Halafu, anataka nini? Auze mkungu wake wa mwisho wa ndizi mshale jua halijazama, apande zake gari la Kibosho. Hapo ndipo "punguza kidogo" na "basi nitarudi" zinapata kazi.

Hata kusahihisha kunapita humohumo. Mwanafunzi akiuliza, "Mkungu hii bei gani?" mama hamsomei ngeli. Anajibu, "Mkungu huu? Elfu kumi na tano."

Tatizo la wahusika wanaoendeshwa na akili mnemba ni upole. Ukitaja elfu tano, mama anakubali na kukushukuru. Muuza ndizi gani huyo? Katika maelezo yake iandikwe wazi kwamba mwisho ni elfu kumi na mbili, na akitajiwa elfu tano acheke, aseme, "Hata ya kununulia haifiki, mwanangu," kisha ageukie mteja mwingine.