Mama ana thairoidi ya chini, na mimi nitaipata tu?

Eti mama akiwa na thairoidi iliyoshuka, yaani ile tezi ya shingoni inatoa homoni kidogo kuliko inavyotakiwa, basi watoto wote wajiandae. Sio kweli. Chukua mapacha wa kufanana, hawa vinasaba vyao ni vilevile, ila walipofuatiliwa kule Denmark, mmoja akiwa na thairoidi ya chini ya aina ile ya kinga ya mwili kuishambulia tezi, mwenzake alikutwa nao kwa kama nusu tu ya jozi zote. Jeni zingekuwa zinaamua peke yake wangeugua wote. Usiseme pia ukoo hauna maana, maana mapacha wasiofanana walikuwa mbali sana na hiyo nusu. Unachorithi ni wepesi wa kuugua.

Mwingine atakwambia kuna jeni ya thairoidi, ukapime. Moja? Ziko kibao na kila moja inachangia kidogokidogo: HLA, CTLA4 na PTPN22 zinahusika na kinga ya mwili, FOXE1 inahusika na kuiumba tezi yenyewe tangu tumboni. Halafu hili huwa linanifurahisha, lile badiliko la PTPN22 linalotajwa sana ni la kawaida kwa Wazungu wa kaskazini, huku Afrika na Asia ya mashariki ni nadra mno, lakini Hashimoto, daktari aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1912, alikuwa Mjapani na wagonjwa wake wanne walikuwa wanawake wa hukohuko Japani! Kwa hiyo kile kipimo cha DNA cha kuagiza mtandaoni, ambacho data zake nyingi ni za Wazungu, kikikwambia uko salama mi nisingelala usingizi kwa hilo.

"Ukoo ule wote wana goita (uvimbe wa tezi shingoni), ni damu yao." Hapa watu wanachanganya sana, watu wa nyumba moja wanashea vinasaba, sawa, ila wanashea na sufuria. Kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu upande wa Congo, madini joto yalikuwa haba kote lakini kaskazini goita zilijaa na kusini magharibi zilikuwa chache, wataalamu kuchunguza wakakuta mihogo inachangia, ile sumu yake ikiingia mwilini inageuka kitu kinachozuia tezi kunyonya madini joto. Chumvi yenye madini joto na kuloweka mihogo vizuri vinasaidia, na hapo hujagusa jeni ya mtu.

Wapo pia wanaosema wazazi wazima hawawezi kuzaa mtoto mwenye tatizo hili. Wanaweza, mara nyingi tezi haikuumbika tu vizuri na hakuna anayelijua, mara nyingine baba na mama wamebeba kila mmoja nakala moja mbovu ya jeni bila kuugua, na hilo linakuwa rahisi zaidi kwa waliooana mabinamu. Mtoto apimwe siku za mwanzo kabisa, ubongo hausubiri.

Na kwamba cha kurithi hakitibiki, hapana bwana. Kama mama au dada anayo, omba kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, hasa ukipanga kubeba mimba. Tezi ikionekana haitoi homoni ya kutosha kuna dawa ya levothairoksini, kidonge cha asubuhi tumbo tupu kwa maji, chai isubiri nusu saa au zaidi, na vile vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vipishanishe nacho masaa manne.