Plateleti zimeshuka, kisu cha nini?

Miezi miwili iliyopita alikuja kliniki mjamzito wa wiki 36, mimba ya kwanza, ameongozana na mama mkwe wake. Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja: plateleti 61, apasuliwe mapema ili mtoto asivuje damu kichwani. Presha yake nzuri, mkojo hauna protini, vipimo vya ini havina neno, mtoto ametanguliza kichwa. Mama mkwe akaniambia, "Daktari, sisi tumeshajiandaa kwa operesheni. Wewe tupangie siku tu."

Nikamwuliza, "Mama, nani kawaambia operesheni inamlinda mtoto?"

"Wote," akajibu.

Huyo alikuwa mjamzito wa nne ndani ya muda mfupi kuletwa kwangu na maneno yaleyale. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Kwanza ya haraka. Plateleti ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na sitini na moja hapo ni chembe sahani 61,000 kwa kila mikrolita ya damu. Kawaida huanzia 150,000. Chembe sahani si HB, kile kipimo cha wingi wa damu. Mtu anaweza kuwa na HB ya 12 na chembe sahani 20,000, au kinyume chake. Juisi ya bitiruti, rosela, maini na matembele ni habari za upungufu wa damu, haziwezi kuizuia kinga ya mwili inayokula chembe sahani. Majani ya mpapai yaliyosambazwa WhatsApp wakati wa dengi, mjamzito simruhusu kuyanywa. Diklofenaki na ibuprofeni aziache. Malaria ipimwe, VVU na homa ya ini vipimwe, na kwa sisi wa Dar tulioiona dengi ya 2014 na ya 2019, homa yoyote yenye chembe sahani za kushuka tusiichukulie kirahisi. Presha ikipanda, au mama akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, hapo ni kifafa cha mimba na HELLP, aina yake kali inayoharibu ini na chembe za damu, na huko kumtoa mtoto ndiyo tiba yenyewe. Sizungumzii hao hapa.

Kabla ya kumtisha mtu, slaidi iangaliwe kwenye darubini. Damu ya baadhi ya watu ikikaa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, dawa iliyomo ya kuzuia kuganda huzifanya chembe sahani zishikane mabonge, na mashine haiyahesabu mabonge. Rudia kwa chupa ya bluu. Niliwahi kumpokea mama aliyemeza prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, wiki sita, uso umevimba, sukari imepanda, kwa ajili ya namba iliyotengenezwa na chupa. Nilipomwonyesha majibu ya pili alilia. Nilikosa la kumwambia.

Sasa ujauzito wenyewe. Maji ya damu huongezeka, na kondo la nyuma nalo hutumia chembe sahani. Kati ya wajawazito kumi wasio na tatizo lolote, karibu mmoja hufika siku ya kujifungua akiwa chini ya 150,000. Chini ya 100,000 ni kama mmoja kati ya mia. Kwa hiyo mama mwenye 118 kwenye wiki ya 34, ambaye hajawahi kuvuja damu, mwacheni. Mpimeni tena baada ya wiki chache, na msimwandikie ugonjwa kwenye kadi ya kliniki.

Ugonjwa uitwao ITP ni kitu kingine. Ni nadra, na hapo kinga ya mwili huzigeukia chembe sahani za mwenyewe. Tulilijua hilo kwa namna ya kutisha: mwaka 1950, huko St. Louis, Marekani, daktari William Harrington alijitia damu ya mgonjwa wa ITP. Saa chache baadaye chembe sahani zake zilikuwa zimeporomoka na yeye ameshapata degedege. Kitu fulani katika damu ya yule mgonjwa kilikuwa kinaziua. Leo tunajua ni kingamwili aina ya IgG: zinazibandika chembe sahani alama, na wengu unazila.

Vitabu havipendi kukiri jambo hili: ITP ya kiasi na ule mshuko wa kawaida wa mimba hatuna kipimo cha kuvitenganisha. Kipimo cha kingamwili hakisaidii. Mimi hutafuta majibu ya zamani ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, hata karatasi iliyokunjwa ndani ya pochi miaka mitatu. Namba ikiwa ilishashuka kabla ya mimba au kwenye wiki 12 za mwanzo, au ikienda chini ya 80,000, naegemea ITP. Nakuwa nimeegemea tu, sijathibitisha. Mara nyingi jibu la kweli huja wiki sita baada ya kujifungua: zikirudi zenyewe, ilikuwa mimba. Mama wa wiki 36 alikuwa na karatasi ya chuo ya miaka miwili nyuma, 74. Nikaamini ni ITP.

Nataka tuitendee haki hofu ya mama mkwe, kwa sababu ina mzizi wa kweli. IgG hupenya kondo la nyuma; ndivyo mama anavyomwachia mtoto kinga ya miezi ya mwanzo. Hizi mbaya nazo hupita mlango huohuo. Kati ya watoto kumi wa mama wenye ITP, karibu mmoja huzaliwa akiwa chini ya 50,000. Miaka ya 1970 na 1980 madaktari walisema: kichwa laini kinabanwa kwenye nyonga, chembe sahani hazipo, ubongo utavuja, basi tupasue. Wengine walichukua damu ya mtoto kichwani katikati ya uchungu, wengine walichoma sindano kwenye kamba ya kitovu akiwa bado tumboni, ili wajue nani apasuliwe.

Kisha watu wakakaa wakahesabu. Kuvuja damu kwenye ubongo kulikuwa nadra, takriban mtoto mmoja kati ya mia au pungufu, na waliopita njia ya kawaida hawakuwa na hali mbaya kuliko waliotolewa tumboni. Ile sindano ya kitovu ilikuwa inaua mtoto mmoja au wawili kati ya mia, yaani hatari ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Jambo hilo likaachwa. Miongozo ya leo inasema wazi: mama mwenye ITP apasuliwe kwa sababu zilezile za uzazi ambazo mwingine angepasuliwa. Sisi tumebaki na sentensi ya mwaka 1980 kwenye barua ya rufaa.

Linaloniudhi zaidi ni imani kwamba namba ya mama inatuambia namba ya mtoto. Haituambii. Mama wa 25,000 anaweza kuzaa mtoto wa 200,000. Mama aliyetolewa wengu, ambaye sasa ana 210,000 na kila mtu anampongeza, anaweza kuzaa mtoto wa 15,000, kwa sababu kingamwili bado zinazunguka kwenye damu yake hata kama wengu wa kuzila chembe zake haupo tena. Dokezo lenye uzito kidogo ni mtoto aliyetangulia: kama alizaliwa nazo chache, anayefuata huenda akafanana naye. Ndiyo maana namwuliza mama habari za kaka mtu na dada mtu kabla sijamwangalia yeye.

Tukubali sasa kwamba tumempasua. Tumefanya nini? Tumekata tumbo la mtu tunayesema hagandi damu. Chini ya 70,000 madaktari wengi wa usingizi hawatampa ganzi ya mgongo, watampa nusu kaputi. Wakati akijifungua kawaida, damu ya pale kondo lilipobanduka huzuiwa hasa na misuli ya mfuko wa uzazi inayojibana na kuifinya mishipa. Oksitosini sindano moja, mfuko ukakaza. Chembe sahani zina kazi kwenye michubuko na mishono, na kwa hizo 50,000 zinatosha. Ninachokataa ni vakyumu, kile kifaa cha kumvuta mtoto kichwa, ninakataa pia kuchoma kichwa cha mtoto. Ushahidi wa hilo ni mwembamba, lakini sitaki kuwa mimi wa kuuongeza.

Hatari kubwa ya mtoto huja akishazaliwa. Namba zake huendelea kushuka na hufika chini kabisa kati ya siku ya pili na ya tano. Siku hizo ndizo tunazompa mama ruhusa ya kwenda nyumbani! Moyo unaniuma hapo. Tumemkata mama kwa ajili ya mtoto, halafu mtoto mwenyewe hatukumpima hata mara moja. Damu ya kitovu ichukuliwe pale leba, kipimo kirudiwe siku zinazofuata, na akiwa chini ya 50,000 apigwe ultrasaundi ya kichwa. Hilo halihitaji chumba cha upasuaji.

Kuhusu tiba ya mama nitasema kifupi. Asiyevuja damu na yuko juu ya 30,000, simtibu hadi karibu na kujifungua. Prednisoloni huanza kufanya kazi ndani ya wiki moja hadi mbili, na kondo la nyuma huivunja nyingi kabla haijamfikia mtoto. Imunoglobulini ya mshipa, yaani dripu ya kingamwili za watu wengine, huchukua siku moja hadi tatu, lakini gramu moja kwa kila kilo maana yake mama wa kilo 65 anahitaji chupa 13 za gramu tano, na familia nyingi haziwezi. Uniti za chembe sahani nazitunza kwa anayevuja damu. Kwa mgonjwa wa ITP huliwa ndani ya saa chache. Dawa yoyote anayopewa mama haijaonyesha kuzipandisha za mtoto, na familia niwaambie hivyo mapema.

Kuna ugonjwa mwingine ambao mama namba zake ni za kawaida kabisa, ila kingamwili zake zinashambulia kile ambacho chembe sahani za mtoto zimerithi kwa baba. Huo ni mkali, huvuja damu hata tumboni. Habari zake zimechanganywa na za ITP, na nadhani nusu ya hofu imetoka huko.

Kwa mama wa wiki 36 nilisita. Sitini na moja zilitosha kwa kujifungua kawaida, hazikutosha kwa ganzi ya mgongo iwapo usiku wa manane mapigo ya mtoto yangeshuka. Nikampa prednisoloni miligramu 20, huku nikipima presha na sukari kila wiki. Baada ya siku kumi na mbili akafika 83. Hadi leo sina hakika kama nilipaswa kumpa. Mwenzangu mmoja asingempa, na hoja zake ni nzuri kama zangu.

Alijifungua wiki ya 39, kawaida, akashonwa nyuzi mbili. Damu ya kitovu ilisoma 126. Wauguzi wakaniambia mtoto ni mzima, waondoke. Nikaomba wabaki. Siku ya tatu 52, siku ya tano 41. Ultrasaundi ya kichwa ilikuwa safi, hakuna doa kwenye ngozi, ananyonya vizuri. Siku ya saba 70.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe ndiye aliyembeba, amemfunika kwa khanga mpya. Namba ilikuwa 139. Akaniuliza kama mjukuu wake atachomwa tena. Nikamwambia mara moja tu, wiki ijayo.