Emily Dickinson, tuachane kidogo na ile stori ya kujifungia

Kila nikifundisha ushairi wa Marekani, nikitaja tu Emily Dickinson darasa zima linajua kitu kimoja: yule dada wa nguo nyeupe aliyekuwa hatoki nyumbani, basi. Ni kweli, miaka ya mwisho hakuwa anatoka, wageni wengine alikuwa anaongea nao mlango ukiwa katikati. Ila jamani huyu mtu kaacha mashairi karibu 1,800! Mimi naona stori ya kujifungia imetuziba macho tusione alikuwa anafanya nini humo ndani.

Maisha kwa kifupi: kazaliwa Amherst, Massachusetts, Desemba 10, 1830, baba yake mwanasheria aliyefika mpaka bungeni, akasoma Mount Holyoke kama mwaka hivi akarudi nyumbani, hakuolewa, akafariki Mei 15, 1886. Alikuwa anaoka mikate (1856 mkate wake ulishika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya pale kwao), anatunza bustani, na anaandikia watu barua kibao, kwa hiyo hata huo upweke tuupime vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Kuanzia 1858 hivi alikuwa anachukua karatasi za barua, ananakili mashairi kwa wino, anazipanga pamoja, anatoboa pembeni anapitisha uzi anafunga. Vijitabu hivyo viko 40, na ndani yake kuna mashairi zaidi ya 800. Halafu angalia hii: kwenye mashairi mengi anaweka kaalama ka kujumlisha kwenye neno, akifika chini ya ukurasa anaandika maneno mengine yanayoweza kukaa pale pale, na hafuti hata moja. Mhariri anauliza lipi ndo lenyewe, mwenyewe kaacha yote.

Umbo lake siyo geni kihivyo, beti nyingi zina mistari minne yenye mizani 8, 6, 8, 6, mapigo ya nyimbo za kanisani alizokua akizisikia, ila yeye anayavuruga, vina vinakaribiana tu badala ya kulingana na kila mahali kuna vistari (—) vinavyokukata pumzi katikati ya wazo.

Hivyo vistari na nukta vilikuwa ishu kubwa kwake. Alipokuwa hai yalichapwa mashairi kama 10 tu, bila jina lake. Mwaka 1866 gazeti moja la Springfield likatoa shairi lake la nyoka na kuweka alama mwisho wa mstari wa tatu, akamlalamikia Thomas Higginson, mwandishi aliyekuwa anaandikiana naye, kwa barua kwamba mstari wa tatu na wa nne ulikuwa kitu kimoja. Mtu asiyejali wasomaji hawezi kukasirikia alama moja!

Alipofariki, mdogo wake Lavinia ndiye aliyevikuta vijitabu. Kitabu cha kwanza kikatoka 1890, wahariri Higginson na Mabel Loomis Todd (huyu mama alikuwa na uhusiano na kaka yao Austin aliyekuwa na mke wake, familia ikagawanyika mpaka miswada nayo ikagawanyika). Wakayapa mashairi vichwa, wakanyoosha vina, vistari wakavipunguza, na vijitabu vikafumuliwa uzi. Baadaye sana mtafiti R. W. Franklin ndo akakaa kuangalia matundu ya sindano, madoa na aina ya karatasi mpaka akarudisha mpangilio, akautoa 1981, kazi ya upelelezi kabisa ile.

Kwa hiyo ukikuta toleo lenye vichwa vya mashairi na koma zimekaa kistaarabu, ujue unasoma mikono ya watu wengine. Tafuta la Thomas H. Johnson la 1955 au la Franklin la 1998, na picha za miswada yake nyingi ziko bure intaneti, anza na hizo uone mwandiko na hivyo vialama vya kujumlisha.