Ukatili kwa Vijana: Saa 72 Hazingoji Kikao cha Familia

Nimemleta binti yangu kwa maumivu ya tumbo. Mbona muuguzi ananiomba nitoke?
Kwa sababu huenda nyuma ya maumivu hayo kuna ukatili, na mbele yako hatasema. Ukatili ni kipigo, vitisho, udhalilishaji, na ngono ya kulazimishwa au kurubuniwa. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009, wasichana karibu 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Akiwa peke yake ataulizwa waziwazi: "Kuna anayekupiga? Kuna anayekugusa bila ridhaa yako? Unaogopa kurudi nyumbani leo?" Huelezwa kwanza kwamba siri yake itatunzwa, isipokuwa usalama wake ukiwa hatarini. Tafadhali mzazi, toka.

Amebakwa. Tukae kwanza kama familia?
Hapana. Dawa kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Tukio la Jumanne jioni likisubiri kikao cha Jumamosi, muda umekwisha.

Lakini mhusika ni ndugu, na amekubali kulipa.
Hapana tena! Fidia haizuii virusi wala mimba. Wazee wakipatana, mtoto anabaki na maambukizi, na mhusika anabaki jirani naye. Nendeni hospitali leo.

Si lazima tupate PF3, fomu ya polisi, kwanza?
Matibabu hayasubiri fomu. Polisi, dawati la jinsia na watoto, watafuata. Kwenye kituo cha mkono kwa mkono, yaani penye huduma zote mahali pamoja, mnawakuta hapohapo.

Aoge kwanza?
Asioge, wala nguo zisifuliwe. Ziwekeni kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huozesha ushahidi. Kama ameshaoga, njooni hivyohivyo.

Akishapewa dawa?
Hupimwa VVU kwanza, kisha humeza dawa siku 28 bila kuruka. Baadhi huacha kwa kichefuchefu. Arudi kliniki asaidiwe, asiache.

Saa 72 zimepita.
Njooni. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, na bado kuna matibabu ya magonjwa ya zinaa na ushauri nasaha. Mvulana naye aletwe; kumwambia "wewe ni mwanaume, vumilia" ni kumfungia mlango. Kijana asiyeweza kumwambia mtu nyumbani apige 116, simu ya msaada kwa watoto, bure.